Kadenza ya Mwalimu

Jina la Popo alibandikwa na watu wa pande mbili wasiojuana, na ndiyo maana likamganda. Wapigaji wa okestra walimwita hivyo kwa sababu kila Jumamosi alikuwa akipiga rumba, jazi na rege na bendi ya dansi. Wapigaji wa bendi walimwita hivyo kwa sababu siku nyingine zote alivaa sketi nyeusi ndefu na kupiga fidla yake kutoka kwenye karatasi, muziki wa watu waliokufa zamani. Popo si ndege, si mnyama. Ndege humwambia ana meno, wanyama humwambia ana mabawa. Mwenyewe hakulikataa jina hilo. Alisema popo angalau anajua kulala huku ananing'inia, na mtu mwenye kazi mbili anahitaji ujuzi huo.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye alama nyeusi chini ya taya la kushoto, pale fidla ilipokaa tangu utoto wake. Wasiomjua walidhani ni kovu la moto. Aliishi vyumba viwili na dada yake mkubwa, mpiga pasi wa hospitali, ambaye alirudi nyumbani kila jioni akinuka mvuke na wanga. Sakafu ya nyumba ilikuwa na unyevu, kwa hiyo fidla ilitundikwa ukutani kati ya dirisha na kabati, mahali ambapo watu wengine wangetundika picha ya harusi. Popo hakuwa na picha ya harusi. "Huyu aliolewa na lile boksi," dada mtu aliwaambia wageni, "na mume hana hata miguu ya kutoroka nayo."

Asubuhi alifundisha wanaoanza. Mchana alifanya mazoezi na okestra katika ukumbi mkongwe ambao paa lake lilivuja nyuma ya wapiga tarumbeta, na palikuwa na ndoo iliyokaa hapo mwaka mzima. Jumamosi mchana alipanda pikapu ya bendi, amekaa mbele na fidla mapajani, dramu zikigongana nyuma.

Dereva wa pikapu ndiye alikuwa mpiga dramu. Walimwita Bati, kwa kuwa alijifunzia kupiga kwenye mabati ya paa la kwao mpaka baba yake akampa chaguo la kuacha au kuhama. Katika bendi hapakuwa na karatasi. Bati alianzisha, gitaa likafuata, waimbaji wakaimba, kisha ikawa zamu ya Popo, na Popo akianza safari hakuna aliyejua atapitia wapi. Alibuni papo hapo. Wimbo wa mapenzi aliupeleka kanisani, akautoa kanisani akaupitisha kwenye jazi, akaurudisha ukiwa na vumbi miguuni. Akishachoka alishusha kidevu mara moja tu kumwelekea Bati. Bati akagonga, na wote wakarudi kwa pamoja kama mlango unaofunguliwa. Kidevu kile ndicho kilikuwa sheria yao yote. Popo alikizoea hata jikoni, chungu kilipochemka, alishusha kidevu, na dada yake akaepua bila kuuliza.

Okestra ilikuwa na sheria nyingine. Mle watu hawatazamani, wanatazama karatasi. Katika baadhi ya kazi kubwa zilizotungwa kwa ajili ya fidla moja na okestra nzima, pana mahali ambapo okestra yote hunyamaza na fidla hubaki peke yake kwa muda. Mahali hapo huitwa kadenza. Fidla husema yake, na ikimaliza hupiga mtetemo: kidole kimoja hugonga uzi upesi upesi, noti mbili zikapepea kama bawa la mdudu kwenye kioo. Mtetemo ndio hodi. Mtetemo ukisikika, mwongozaji hushusha mkono na okestra hurudi. Usiposikika, harudi mtu.

Haya yote Popo alifundishwa na mtu mmoja, ambaye wapigaji wote wa mji walimwita Mwalimu, kana kwamba walimu wengine walikuwa wanajaribu tu. Alimpokea akiwa binti wa shule ya msingi, akamsimamisha wima na kumwekea rula begani ili ajue likishuka. Mwalimu alikuwa na imani moja: kilichoandikwa ndicho kipigwacho. Siku moja binti yule alimaliza zoezi lake peke yake chumbani, akaendelea mbele na vitu vya kichwani mwake. Mwalimu akaingia na kumchapa rula ya vidole. Alimwambia kwamba akitaka kusema ya kwake aende sokoni. Miaka ikapita, binti akaenda sokoni kweli, yaani kwenye bendi, na kwa muda mrefu Mwalimu hakumsemesha ila kazini.

Lakini Mwalimu naye alikuwa na jambo lake. Katika kazi moja kubwa ya zamani, mtunzi aliacha mahali pa kadenza wazi, kila mpigaji ajaze mwenyewe. Wengi huazima iliyoandikwa na wengine. Mwalimu aliandika ya kwake. Aliiandika kwa miaka, akifuta na kurudia, mpaka ikawa kurasa mbili za mwandiko mdogo ulionyooka kama mshono wa cherehani. Alikuwa aipige mwenyewe, mbele ya watu. Kabla ya siku yake, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Ulianza kidole cha mwisho, ukapanda kifundoni, ukafika na mkono wa kulia, hadi kikombe chake cha chai kikawa kinapiga kelele kwenye kisahani. "Mungu ana utani," aliwaambia waliokwenda kumpa pole. "Nilimwomba mtetemo kwenye uzi, akanipa kwenye kikombe." Akaacha kiti chake cha mbele. Kurasa zile mbili zikalala ndani ya boksi la fidla isiyopigwa.

Akaja mwongozaji mpya, kijana mwenye adabu na haraka nyingi, akaichagua kazi ileile kwa onyesho la mwaka. Alimwendea Mwalimu kumuuliza nani anaweza kuibeba. Mwalimu alimtaja Popo. Waliokaa viti vya mbele walinung'unika kwamba hatimaye okestra itapigiwa rumba. Mwalimu alimwita Popo chumbani kwake, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, akamkabidhi zile kurasa.

"Niahidi kitu kimoja, binti," alisema. Alikuwa bado akimwita binti, ingawa nywele za Popo zilikwisha kuingia mvi. "Utaipiga nilivyoandika. Usinisaidie."

"Sitakusaidia, Mwalimu."

Ahadi ilikuwa hiyo tu. Daktari alikuwa amemwambia Mwalimu kuwa moyo wake umechoka, na Mwalimu alilitaja hilo kama mtu anayetaja kwamba mvua itanyesha. Alitaka kuisikia mara moja, ukumbini, na okestra ikirudi mwishoni. Hakusema hivyo, lakini Popo alijua.

Aliifanyia mazoezi nyumbani mpaka dada yake akalalamika kwamba sasa hata pasi ya kazini inaijua. Ilikuwa kazi ngumu na kavu kidogo, imejengwa kama mwenyewe, kila kitu mahali pake. Mahali pamoja tu palimsumbua. Katika ukurasa wa pili kulikuwa na noti nne zinazoshuka, nyepesi, kama mtu anayeteremka ngazi mbiombio kwenda kucheza. Hazikufanana na Mwalimu. Hivi hivi, kwa noti za namna hii, ndivyo Popo alivyozoea kuanza safari zake kwenye bendi, na kila alipofika hapo vidole vilijiona nyumbani. Alivikaza, akaendelea.

Ukumbini hakupata kuipiga nzima hata mara moja. Okestra zina desturi hiyo: kwenye mazoezi kadenza hurukwa, maana ni ya mtu mmoja na wengine hawana la kufanya. Mwongozaji alipunga mkono kama anafukuza nzi, akasema, "Kadenza, kadenza, kadenza, haya mama, mtetemo," Popo akapiga mtetemo, wakaingia. Popo aliomba siku moja apewe nafasi aipige yote. Mwongozaji alisema kesho. Kesho yake paa lilivuja upande mwingine, wakahamisha viti. Kwa hiyo mpaka siku ya onyesho kadenza ile ilikuwa imesikiwa na dada mtu na ukuta.

Onyesho lilikuwa Jumapili. Jumamosi yake dada alimsihi asiende kwenye bendi. "Mshika mawili moja humponyoka, mdogo wangu. Wiki hii shika moja." Popo alikuwa amekwisha kukubali, lakini Bati akaja na pikapu mpaka mlangoni, akasema ni harusi ya watu wazito, na bila fidla atabaki akiwapigia bati tupu. Popo akacheka, akavaa viatu.

Siku hiyo alipiga kama hajawahi kupiga kwa miaka, na ubaya ulianzia hapo. Alisafiri mbali, akashusha kidevu, na kila mara Bati alikuwepo. Alirudi nyumbani jioni akiwa mwepesi, anaimba.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mwalimu aliketi mstari wa mbele katika suti iliyokuwa imekuwa kubwa kwake, mikono ameikalia, mmoja chini ya kila paja, ili isimwaibishe. Popo alimwona alipoinama kusalimia watu. Kazi ikaanza, ikaenda vizuri, okestra ikapanda mpaka ilipopaswa kupanda, ikasimama. Akabaki peke yake.

Ukurasa wa kwanza aliupiga ulivyoandikwa, kila kitu mahali pake. Alimwona Mwalimu amefumba macho, midomo inamsogea kidogo kama mtu anayefuata sala. Akaingia ukurasa wa pili. Zikaja zile noti nne, na vidole, ambavyo jana yake vilikuwa vimezunguka dunia, vikateremka ngazi vikatoka mlangoni.

Hakuamua. Baadaye alijiuliza mara nyingi, na jibu lilikuwa lilelile: hakuamua. Alipogundua alikuwa amekwisha fika mbali, mahali pazuri ajabu, na watu wameinama mbele kwenye viti vyao. Wapo waliosema hawajawahi kusikia kitu kama kile, na hawakukosea. Aliipeleka fidla chini kabisa kwenye uzi mnene, akailiza, akaipandisha tena, akaanza kutafuta njia ya kurudi. Akaipata. Akafumba macho na kushusha kidevu.

Harudi mtu.

Tone la maji likaanguka kwenye ndoo nyuma ya tarumbeta. Wapigaji walikuwa wamekodolea macho karatasi zao, wakisubiri mtetemo. Mwongozaji alikuwa ameinua mkono, naye anasubiri. Popo akashusha kidevu tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemsalimu mwenzake ng'ambo ya barabara na mwenzake hamwoni. Akafumbua macho. Mwalimu alikuwa ameitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa wazi juu ya magoti, inatetemeka, naye haizuii.

Hapo ndipo alipokumbuka yuko wapi. Akautafuta mtetemo, akaupiga, umepoa na umechelewa, na okestra ikaingia mmoja mmoja kama kondoo wanaopita kwenye pengo la ua. Wakamaliza. Watu walipiga makofi mengi, maana wengi wao hawakujua kilichotokea. Makofi yalipokwisha, kiti cha Mwalimu kilikuwa kitupu.

Mwongozaji hakumgombeza. Alimwambia tu, bila kumtazama, kwamba wiki ijayo arudi kiti chake cha nyuma. Wapigaji wa mbele walikuwa na mzaha wao kwa muda: mmoja akitaka kuazimwa ulimbo wa kupaka upinde wa fidla, humshushia mwenzake kidevu. Popo alicheka nao. Bati aliposimuliwa naye alianza kucheka, halafu akaacha katikati, akasema dramu zinahitaji kufungwa kamba.

Kwa Mwalimu hakwenda. Alipita mtaa mwingine ili asikione kibanda cha fundi viatu. Dada yake alimvumilia, kisha siku moja akamtolea fidla ukutani na kumwekea mkononi. Alimwambia kidonda hakiponi kwa kufunikwa shuka, na yeye anayajua mashuka.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa kilekile: kitanda, meza, boksi la fidla juu ya kabati, na nyundo ya fundi viatu ikigonga upande wa pili wa ukuta. Mwalimu alikuwa amepungua sana. Alimwomba amimine chai, nusu kikombe, maana kikombe kizima si cha mtu kama yeye. Wakanywa.

"Ulikuwa unamwita nani?" akauliza.

"Bati, Mwalimu. Mpiga dramu wetu."

"Nilidhani hivyo. Nilikiona kidevu, nikasema, huyu anamwita mtu ambaye hakualikwa."

Popo alianza kuomba radhi. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima, lakini Mwalimu alitikisa kichwa mpaka akanyamaza. Kisha akamwambia jambo ambalo hakulitegemea. Alisema siku ile ya rula hakuingia chumbani mara moja. Alisimama nje ya mlango, akasikiliza, na ndipo akaingia kuchapa. Miaka mingi baadaye, alipokaa kuandika kadenza yake, kila alipofika ukurasa wa pili kalamu ilikwama, na kitu pekee kilichokubali kuja ni zile noti nne alizozisikia mlangoni.

"Ni zako," alisema. "Nilikuibia. Mtu akijengea nyumba tofali za mwenzake, asishangae mwenyewe akiingia bila hodi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungezipiga kwa huruma."

Nyundo ya jirani iligonga, ikanyamaza. Popo alifungua boksi lake, akasema ataipiga sasa hivi, yote, kama ilivyoandikwa. Mwalimu akamzuia kwa ule mkono wake. Alisema kadenza isiyo na watu wa kurudi ni mtu anayeongea peke yake, na kuongea peke yake amekufanya vya kutosha ndani ya chumba hicho.

Popo akatoka pale akaenda moja kwa moja kwa mwongozaji. Hakuwa na tabia ya kuomba, ila siku hiyo aliomba. Mwongozaji alikuna shingo, akaangalia ratiba, akaeleza kuhusu onyesho lijalo na muda mfupi. Kisha akasema sawa, Alhamisi, mwanzo wa mazoezi, kuanzia pale okestra inapopanda hadi mwisho. Bati alijitolea kumleta Mwalimu kwa pikapu, na akakubali bila mzaha kwamba Jumamosi ya kabla ya siku hiyo Popo asije kwenye bendi. Mzaha ulimshinda kidogo tu mwishoni. "Popo akikosa Jumamosi moja," alisema, "hawezi kuota manyoya."

Alhamisi dada mtu aliomba ruhusa kazini, akaleta mto wake mwenyewe, akauweka juu ya kiti cha mbele ili Mwalimu asiumie mgongo. Wapigaji walipanga karatasi. Popo alisimama mahali pa mpigaji mkuu, fidla begani, akitazama mlango. Bati alichelewa. Mwongozaji aliangalia saa, akavumilia, akaangalia tena.

"Tuanze, mama," akasema kwa upole. "Atatukuta."

Wakaanza. Okestra ikapanda, ikasimama, na Popo akabaki peke yake na ukurasa wa kwanza. Alikuwa karibu na mwisho wake mlango wa pembeni ulipofunguka. Aliingia Bati. Hakuna aliyemfuata. Hakuketi. Alisimama ukutani, akavua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili kifuani, na dada mtu, aliyekuwa karibu na mlango, akamtazama usoni na kujifunika mdomo kwa upande wa khanga.

Baadaye Bati alimweleza. Alimkuta Mwalimu ameketi ukingoni mwa kitanda, ameegemea ukuta, ndani ya ile suti kubwa. Kiatu cha kulia kilikuwa kimefungwa kamba. Cha kushoto kamba zilikuwa wazi, na ilionekana alikuwa amezihangaikia sana. Fundi viatu jirani hakusikia chochote. Alisema Mwalimu angemwita tu, angemfungia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati ule Popo aliiona kofia kifuani mwa Bati, akaelewa, na upinde ukiwa bado unatembea. Angeweza kusimama. Zikaja noti nne. Alizipiga zikashuka ngazi, na ngazi ilipokwisha akageuka pale Mwalimu alipogeukia, akaendelea na zilizoandikwa, moja baada ya nyingine, bila kumsaidia. Vidole havikubisha. Akafika mwisho wa ukurasa, akaweka kidole juu ya uzi, akapiga mtetemo, mrefu, sawasawa, na kidevu kikashuka chenyewe upande wa Bati. Bati pale ukutani hakuinua mkono.

Okestra ikarudi. Wote kwa pamoja, bila hata mmoja kuchelewa. Hawakujua kitu, macho yao yalikuwa kwenye karatasi, wakapiga mpaka noti ya mwisho, na ndani ya ukumbi pakawa na ule utulivu unaowaambia wapigaji kuwa kazi imekwenda vizuri. Mwongozaji akaweka kijiti chake chini. Alikuwa anatabasamu.

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema, na akageuka nyuma, kwenye kile kiti chenye mto, ili kumuuliza Mwalimu.